Doom Mkononi: Si Muujiza, Wala Si Titi la Mbwa

Tarehe 10 Novemba 2017 mchezo wa kufyatua risasi uitwao Doom ulianza kuuzwa kwa ajili ya Nintendo Switch, konsoli ambayo mtu huweza kuichomoa kwenye televisheni akaenda nayo kitandani, ndani ya basi au chini ya mwembe. Tangu wakati huo, kila mara toleo hilo linapozungumzwa miongoni mwa vijana wapendao michezo ya video, husikika kauli mbili. Ya kwanza ni ya wenye dharau. Hao husema kwamba ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Yaani asiye na mashine kubwa na ajiridhishe na hicho alichotupiwa. Ya pili ni ya wenye mapenzi, nao husema kwamba huu ni muujiza. Nakusudia kuzipinga kauli zote mbili. Ya kwanza ni uongo unaoweza kuthibitishwa kwa hesabu. Ya pili ni sifa tamu inayomnyang'anya fundi jasho lake. Na zote mbili, zikiachwa ziendelee kutawala, zitatuzuia kuuliza swali linalotuhusu sana sisi wasomi wa nchi hizi: chombo kinapokataa kufanya kazi mikononi mwa mtu wa kawaida, ni nani mwenye wajibu wa kurekebisha mambo, mwenye chombo au aliyetengeneza kitu kisichoingia ndani yake?

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Doom wa kwanza ulitoka Desemba 1993, kazi ya kampuni ndogo ya Texas iitwayo id Software, ambamo John Carmack alikuwa ndiye mwandishi mkuu wa injini na John Romero mmoja wa wabunifu. Mchezaji ni askari mmoja aliyezungukwa na mashetani kwenye vituo vya miezi ya sayari ya Mirihi. Kampuni hiyohiyo ilirudi na Doom mpya tarehe 13 Mei 2016, ukachapishwa na Bethesda kwa ajili ya PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Michezo mingi ya risasi ya miaka ile ilikuwa imemzoesha mchezaji kujibanza nyuma ya ukuta mpaka afya yake irudi. Doom wa 2016 uliikataa tabia hiyo. Humu, mchezaji aliyejeruhiwa haponi kwa kujificha. Huponyeka kwa kumsogelea adui aliyeyumba na kummaliza kwa mikono, kwani hapo ndipo vidonge vya afya humwagika. Anayerudi nyuma hufa, na anayesonga mbele hupata nafasi ya kupona. Ndiyo maana nasema kiini cha mchezo huu ni mwendo. Uzuri wa picha upo, lakini ni vazi tu.

Sasa tutazame chombo kilichotakiwa kuubeba. Kazi ya kuuhamisha mchezo ilipewa Panic Button, kampuni ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 2007. PlayStation 4 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na data hupita humo kwa kasi ya gigabaiti 176 kwa sekunde. Switch iliyotoka Machi 2017 ina gigabaiti 4, na kasi yake haizidi gigabaiti 25.6 kwa sekunde, kiasi cha moja ya saba. PlayStation 4 hukaa sebuleni ikivuta umeme wa ukutani bila kikomo, ina feni, ina nafasi ya kupumua. Switch hukaa viganjani. Ikichomolewa kwenye kituo chake, hupunguza yenyewe kasi ya prosesa yake ya michoro ili isiunguze mikono wala kumaliza betri, na hata hivyo Nintendo yenyewe ilitangaza kwamba betri hiyo ingedumu kati ya saa 2.5 na 6.5 kutegemea mchezo. Kwa hiyo aliyepewa kazi hii hakuambiwa ahamishe mtungi kutoka chumba hiki kwenda kile. Aliambiwa amimine maji ya mtungi ndani ya kibuyu, na kibuyu chenyewe mtu anatembea nacho.

Wenye dharau hudhani kwamba jambo hilo hufanyika kwa kukata ovyo mpaka kitu kitoshee. Hebu tupige hesabu pamoja, maana dharau mara nyingi ni uvivu wa kuhesabu. Mwendo tunaouona kwenye skrini ni picha tuli nyingi zinazopishana upesi, na kila picha huitwa fremu. Kwenye mashine kubwa Doom ulikusudiwa kuchora fremu 60 kila sekunde. Maana yake kila fremu ilikuwa na takribani milisekunde 16.7 tu: ndani ya muda huo mashine ijue kila shetani yuko wapi na anataka nini, ikokotoe mwanga na vivuli, ipake rangi, kisha ianze upya. Panic Button walikata shauri la fremu 30. Muda wa kuandaa kila fremu ukawa milisekunde 33.3, yaani maradufu. Kisha wakageukia ukali wa picha. Skrini ya Switch ina pikseli 1280 kwa 720, jumla 921,600. Picha ya 1920 kwa 1080, ambayo ndiyo kiwango cha juu kwenye PlayStation 4, ina pikseli 2,073,600. Ukizidisha fremu kwa pikseli, mashine kubwa kwa kiwango chake cha juu huchora pikseli zaidi ya milioni 124 kwa sekunde. Switch kwa kiwango chake cha juu huchora milioni 27 na ushei. Mzigo umeshuka mara nne na nusu kabla hata hatujagusa mwanga, vivuli na nakshi za kuta.

Hata hapo mzigo ulikuwa bado mzito. Ndipo ikatumika mbinu ya ukali wa picha unaobadilika. Chumba kikiwa kimetulia, picha hukaribia kiwango cha juu. Mashetani wanapomiminika na moto kuruka huku na huku, mashine hupunguza idadi ya pikseli kwa muda, kisha huzirudisha pambano likipoa. Nakshi za kuta zilipunguzwa pia, na ukungu wa mwendo ukaachwa ufunike kasoro pale mchezaji anapogeuka kwa kasi. Nimeucheza mchezo huu kwenye Switch ya binamu yangu, kiwambo kikiwa karibu na uso, na sikatai: mbali kidogo ya mchezaji vitu hufifia kama vinavyoonekana kwenye kioo chenye mvuke. Mwenye macho ataona. Lakini aone pia ni kitu gani hakikufifia.

Vyumba vyote vya kampeni vimo. Mashetani wamo, kwa wingi wao na kwa akili zao. Silaha zimo. Ile kanuni ya kusonga mbele ili upone imo, bila kupunguzwa hata kidogo. Mtu aliyeumaliza mchezo kwenye mashine kubwa akikaa na mwenzake aliyeumaliza kwenye Switch, watasimuliana vita vilevile, watacheka mitego ileile, na watapeana ushauri unaofaa pande zote mbili. Hilo ndilo jaribio la kweli la kitu kilichohamishwa. Ukilisoma toleo la kubana la riwaya, huwezi kujadiliana na aliyeisoma nzima, kwa sababu yeye atataja sura usizozijua. Wachezaji wa Doom mkononi hawana tatizo hilo.

Anayetaka kuona jinsi titi la mbwa linavyofanana, arejee historia ya Doom wenyewe. Mwaka 1995 mchezo wa kwanza ulihamishiwa kwenye Super Nintendo na fundi mmoja, Randy Linden, aliyejiandikia injini yake mwenyewe na kutegemea kichakato cha ziada kilichopachikwa ndani ya kaseti ya mchezo. Ilikuwa kazi ya ushujaa, lakini gharama yake ililipwa na mchezo: sakafu na dari zilibaki rangi tupu, ngazi kadhaa ziliachwa, na mashetani walichorwa wakiangalia mbele tu, hivyo daima walimkabili mchezaji. Kwa kuwa hawakuweza kugeukiana, ule ujanja wa kuwagombanisha wao kwa wao, ambao ulikuwa sehemu ya akili ya mchezo, ukatoweka. Mwaka 2001 Doom ukaingia kwenye Game Boy Advance, mashine ya mkononi hasa. Humo damu ikageuzwa kijani, na majitu mawili makubwa ambayo ndiyo kilele cha mchezo wa asili hayakuonekana kabisa. Angalieni tofauti. Katika matoleo hayo ya zamani kilichoondolewa ni mifupa. Mwaka 2017 mifupa ilibaki, kikapunguzwa kitambaa. Anayeviweka vitu hivi viwili kwenye kapu moja, eti kwa sababu vyote ni "matoleo yaliyopunguzwa", hajui kutofautisha kupunguza na kupunguza.

Nakubali kwamba wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Wao husema: wewe mwenyewe umesema kiini cha mchezo ni mwendo, na mwendo ndio fremu. Ukizikata kutoka 60 hadi 30, umekata kiini chenyewe, hukukata kitambaa. Hoja hii ina uzito, kwa sababu mchezaji wa fremu 60 kweli huona adui akisogea kwa ulaini zaidi, na kidole chake hujibiwa mapema zaidi. Lakini ina tundu mbili.

Tundu la kwanza ni kwamba inachanganya mwendo wa picha na mwendo wa vita. Shetani anayekimbia mita kumi kwa sekunde mbili kwenye PlayStation anakimbia mita zilezile kwa sekunde zilezile kwenye Switch. Uamuzi anaotakiwa kuufanya mchezaji, nisogee au nife, ni uleule na unakuja kwa wakati uleule. Kilichopungua ni idadi ya mara anazooneshwa habari hiyo. Tundu la pili ni la historia. Doom wa 1993, huo ambao wote wanauinamia kama babu wa michezo ya risasi, uliwekewa kikomo cha fremu 35 kwa sekunde, kwenye picha ya pikseli 320 kwa 200, na kompyuta nyingi za wakati ule hazikufika hata hapo. Ikiwa fremu 30 zinaua kiini cha Doom, basi Doom ulizaliwa karibu na kaburi lake. Hakuna aliye tayari kusema hivyo. Wanachopenda wenye dharau ni hali waliyoizoea mwaka 2016, nao wameipa jina la kiini.

Na hiyo hali ya 2016 nayo haikuwa safi kama wanavyodhani. Kwenye PlayStation 4 na Xbox One pia ukali wa picha ulipanda na kushuka kulingana na uzito wa pambano, ili fremu 60 zisivunjike. Yaani mbinu ileile wanayoicheka kwenye Switch ilikuwa ikifanya kazi sebuleni mwao, kimya kimya, na hawakuiona. Kila mashine ilipewa Doom uliopimwa kwa nguvu zake. Hakuna Doom mmoja "halisi" uliokaa mbinguni ambao mwingine wote ni kivuli chake. Kuna uamuzi wa id Software kwa mashine moja, na uamuzi wa Panic Button kwa mashine nyingine. Tunaruhusiwa kuulinganisha uamuzi na uamuzi. Haturuhusiwi kuuita mmoja asili na mwingine makombo kwa sababu tu mmoja ulitangulia.

Sasa niwageukie rafiki zangu wa upande wa pili, wanaosema "muujiza". Nawapenda, lakini neno hilo linanikera kuliko matusi ya wale wa kwanza. Muujiza hauna hatua. Muujiza haufundishwi darasani. Ukisema Panic Button walifanya muujiza, umemwambia mwanafunzi wa kompyuta aliyeko Kampala, Bujumbura au Kigali kwamba jambo hilo hushuka kwa waliobarikiwa, naye asijisumbue. Ukweli ni kwamba jambo hilo liliundwa na maamuzi, na kila uamuzi unaweza kutajwa, kupimwa na kupingwa: tuchukue fremu 30, tuache ukali wa picha upande na kushuka, tupunguze nakshi hizi, tusiguse akili ya mashetani. Mtu anaweza kukaa na karatasi akajadili kila kimoja. Huo ni ufundi, na ufundi hurithishwa.

Dalili nyingine kwamba haukuwa muujiza ni kwamba haukukamilika siku ya kwanza. Vijiti vidogo vya Switch vilifanya kulenga kuwe kazi ya shida kwa wengi. Mwanzoni mwa 2018 likatoka sasisho lililomwezesha mchezaji kulenga kwa kuinamisha mashine yenyewe: anazungusha kwa kijiti, kisha anamalizia shabaha kwa mkono. Kitu hicho hakikuwamo katika matoleo ya 2016 ya mashine kubwa za sebuleni. Hapo chombo kidogo kilitoa kitu ambacho kikubwa hakikuwa nacho, kwa sababu mtu alikubali kuuliza hiki chombo chenyewe kina uwezo gani, badala ya kulalamika kila siku kwamba hakina uwezo wa kile kingine. Baada ya Doom, kampuni hiyohiyo ilihamisha Wolfenstein II mwezi Juni 2018, na Doom Eternal Desemba 2020. Miujiza haiji kwa mfululizo wa namna hiyo. Mazoezi ndiyo huja hivyo.

Mwalimu wangu atauliza: haya yote yanahusiana nini na idara ya Kiswahili? Yanahusiana sana, kwa sababu sisi hapa kazi yetu ya kila siku ni kuhamisha. Tunahamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na wenye dharau na wenye muujiza wapo kwetu pia. Wa kwanza husema tafsiri ya Kiswahili ni ya wasiojua Kiingereza, titi la mbwa lilelile. Wa pili hushangilia tu kwamba eti Kiswahili "nacho kimeweza", kana kwamba lugha ilikuwa kwenye majaribio. Wote wawili hawaisomi tafsiri yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikachapwa 1963, hakuihesabu kuwa imekwisha. Aliirudia, na toleo alilolisahihisha likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, na tazameni neno alilolichagua kwa ajili ya mfanyabiashara wa Shakespeare: bepari, tena kwa wingi. Huo ni uamuzi. Unaweza kuukubali au kuukataa, lakini huwezi kuujadili ukiwa umekwisha kuamua kwamba tafsiri ni makombo, wala ukiwa umekwisha kuamua kwamba ni muujiza. Mhamishaji, awe wa maneno au wa mchezo, huulizwa maswali yaleyale. Umelinda nini? Umeacha nini? Kwa nini?

Na kwa kuwa nimesema maamuzi hupingwa, nami sina budi kupinga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye haki naye, akikosea aambiwe. Kuna mambo matatu katika kuhamishwa huku ambayo siyakubali, na hakuna hata moja linalohusu pikseli.

La kwanza ni bei. Doom wa Switch ulianza kuuzwa kwa dola 60, bei kamili ya mchezo mpya, ilhali mchezo wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu sokoni. Aliyekuwa na chombo dhaifu alitozwa kana kwamba amechelewa kwa makusudi. La pili ni kwamba kadi ya mchezo haikubeba kila kitu. Kampeni ilikuwamo, lakini sehemu ya kupambana na watu wengine ilibidi ipakuliwe kwa intaneti, gigabaiti baada ya gigabaiti, na ile sehemu ya kujitengenezea ramani haikuletwa kabisa. La tatu ni baya zaidi: Doom Eternal ulipofika Switch mwaka 2020, uliuzwa kwa kupakuliwa tu, bila kadi dukani. Mafundi walitoa jasho ili mchezo utoshee kwenye mashine ya kubebeka, kisha wauzaji wakaufunga kwenye waya wa intaneti. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku na kulihesabu kwa megabaiti, mchezo huo haukuhamishwa. Ulibaki kulekule ng'ambo. Basi ikiwa mtu anataka kukasirika kuhusu Doom mkononi, asikasirikie ukungu kwenye kuta. Akasirikie mlango.

Hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya nishike kalamu. Programu tunazotengenezewa katika nchi hizi, za shule, za hospitali, za malipo, nyingi huandikwa kwenye kompyuta nzuri za ofisini na kujaribiwa kwenye simu mpya za waandishi wake. Muhula uliopita nilishindwa kujisajili kwa somo moja kwa wakati kwa sababu programu ya simu niliyotakiwa kuitumia iligoma kufunguka kwenye simu yangu, ambayo hupiga, hutuma pesa, husoma vitabu na kucheza video bila tatizo. Programu yenyewe ilikuwa na fomu moja ya kujaza na picha kubwa ya jengo. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba ninunue simu nyingine. Jibu hilo nimelitafakari sana. Watu wa Austin walitakiwa kuingiza sayari nzima ya mashetani, moto na vivuli ndani ya mashine ya mkononi, wakaona ni wajibu wao mchezo ukifuate chombo. Sisi tunashindwa kuingiza fomu ya majina matatu ndani ya simu, kisha tunaona ni wajibu wa mwanafunzi chombo kiifuate fomu.

Atakayesema kwamba wale walikuwa na fedha na sisi hatuna, namjibu hivi: kupunguza hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji kujua kitu chako kina kiini gani. Kiini cha fomu ile ni maandishi yangu kufika ofisini. Picha ya jengo ni kitambaa. Aliyeiandika hakuwahi kujiuliza swali hilo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba ni swali. Vyuoni tunafundishwa kuongeza. Mwanafunzi wa kompyuta hupata alama kwa mradi wenye mambo mengi. Sijaona anayepewa alama kwa sababu mradi wake unafunguka kwenye simu ya bei ya chini. Mwanafunzi wa fasihi naye husifiwa kwa insha ndefu, na ni mara chache sana kusifiwa kwa kubana hoja isipoteze nguvu.

Najua kuna walimu watakaosema mfano wangu ni mchafu, kwamba mchezo wa kuwapasua mashetani si kitu cha kuletwa kwenye mkusanyiko wa insha za wasomi. Ni kweli kwamba Doom ni mchezo wa watu wazima, wala sipendekezi upelekwe shule za msingi. Lakini fundi hasomwi kwa uzuri wa mteja wake. Ningeweza kuchagua mchezo wa kupanda maua, lakini mchezo wa kupanda maua haungetuonesha kitu, kwa kuwa ungeingia popote. Nimechagua mzigo mzito kwa sababu mzigo mzito ndio unaotuonesha mbebaji anashika wapi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa walimu wetu: pale mnapofundisha tafsiri, na pale wenzenu wa kompyuta wanapofundisha programu, toeni zoezi la kuhamisha kitu kikubwa kwenda mahali padogo, kisha msahihishe maamuzi, siyo matokeo peke yake. Mwanafunzi aandike alilinda nini, aliacha nini, na ni nani atakayeumia kwa alichoacha. Kwa wanafunzi wenzangu: mkikutana tena na mtu anayeuliza kama Doom wa mkononi ni "sawasawa" na ule wa sebuleni, msimjibu ndiyo wala hapana. Mwambieni vita ni vilevile, kuta zimefifia, bei ilikuwa ya dhuluma na mlango wa Doom Eternal ulifungwa kwa intaneti. Kisha muulizeni yeye, katika kila programu aliyo nayo kwenye simu yake mwenyewe, ni ipi iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuishika simu kama hiyo.